Uozo Mkavu: Adui Chini ya Sakafu

Katika nyumba nyingi za kale za Uingereza, sakafu ya chini ni ya mbao zilizopigiliwa juu ya boriti, na chini yake huachwa nafasi tupu yenye giza. Humo mwenye nyumba aweza kukaa na adui miaka mingi asimjue, mpaka siku ubao unapodidimia chini ya mguu wake. Adui huyo ni kuvu iitwayo Serpula lacrymans, na uharibifu wake huitwa uozo mkavu.

Jina hilo hupotosha. Ubao ulioliwa huonekana mkavu, wa kahawia, uliopasuka vipande vya mraba, tena hupondeka kwa vidole. Lakini kuvu yenyewe haiishi bila maji. Ubao wenye unyevu usiofika asilimia 20 ya uzito wake mkavu hauozi. Unyevu ukifika asilimia 30 hivi, chembe za uzazi zilizopeperushwa na hewa huweza kuota juu yake.

Chembe ikiota hutoa nyuzi nyeupe zinazoyeyusha selulosi, yaani kile kinachoupa ubao nguvu, na kuiacha lignini yenye rangi ya kahawia. Nyuzi nyingine huungana zikawa kamba, zikapenya ukuta wa matofali huku zikisafirisha maji na chakula. Ndiyo maana uozo ulioanza jikoni huweza kutokea sebuleni.

Mwenye nyumba aweza kuutibu mwenyewe ikiwa bado haujaenea, mradi afuate utaratibu.

Kwanza, atafute chanzo cha maji: mfereji wa paa uliopasuka, bomba linalovuja, au udongo wa bustani uliofunika matundu ya hewa ukutani. Asipokiondoa, kazi yote inayofuata ni bure.

Pili, afungue sakafu na kuchoma mbao kwa bisibisi. Ncha ikizama bila nguvu, ubao umeoza. Akate sehemu hiyo pamoja na nusu mita zaidi ya alama ya mwisho ya uozo, kwa kuwa si nyuzi zote huonekana. Afunike pua na mdomo dhidi ya vumbi. Boriti iliyobeba ukuta au ngazi isikatwe kabla ya kumwita mhandisi.

Tatu, azibue matundu ili hewa ipite, na angoje. Ukuta mnene huchukua miezi kukauka.

Nne, aweke mbao kavu zilizotiwa dawa, kama vile chumvi za boroni, na atenge ncha za boriti na ukuta kwa utando usiopitisha maji.

Kuvu hii hupenda joto la digrii 20 hivi za Sentigredi, na huacha kukua linapopita 27; kwa hiyo pwani yetu si makao yake. Hata hivyo, miimo ya milango ya bafu zetu huozeshwa na kuvu nyingine kwa kanuni ile ile. Wanafunzi waweza kuithibitisha: wapime vipande viwili vya mbao laini vilivyokaushwa, wafukie kimoja katika udongo wenye unyevu, kingine wakiweke mahali pakavu. Baada ya miezi kadhaa wavikaushe na kuvipima tena.

Dawa ya kwanza ya uozo, basi, si ya kununuliwa dukani. Ni kuzuia maji. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.