Wageni Wakishaondoka: Mfano wa Kasarani

Nchi inapoandaa kwa mara ya kwanza mashindano makubwa ya kimataifa yenye michezo mingi, watu huuliza uwanja utakamilika lini na fedha zitatoka wapi. Nani atautunza baadaye huulizwa mara chache. Majirani zetu wa Kenya wanatupatia mfano wa kujifunza.

Mwezi Agosti 1987 Nairobi ilipokea Michezo ya Afrika, ya nne tangu ile ya Brazzaville mwaka 1965. Kwa Kenya huo ulikuwa mzigo mpya kabisa. Huko Kasarani, kando ya barabara ya Thika, kulijengwa kwa msaada wa China uwanja wa watazamaji wapatao 60,000, bwawa la kuogelea na ukumbi wa michezo ya ndani. Timu ya soka ya Kenya ilifika fainali, ikafungwa na Misri 1-0.

Sisi tunaoshughulika na miradi ya maji vijijini tunaifahamu hali inayofuata. Fedha za kujenga huja mara moja, pamoja na mgeni rasmi na utepe wa kukata. Fedha za kutunza hutakiwa kila mwaka, wala hazina sherehe. Bwawa linahitaji maji safi, dawa na umeme hata siku ambayo hakuna anayeogelea. Njia ya kukimbilia huchakaa kwa jua hata isipokanyagwa. Uwanja wa namna hiyo haungojei mashindano mengine ndipo uanze kula fedha!

Kenya ilipewa uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 1996, lakini maandalizi hayakuridhisha na mashindano yakahamia Afrika Kusini. Ukarabati mkubwa wa Kasarani uliokamilika mwaka 2012 ulifanywa, tena, kwa msaada wa China.

Hata hivyo si haki kusema uwanja ule ulikuwa hasara. Vizazi vya wanariadha vimekimbia pale, na Julai 2017 ulipokea mashindano ya dunia ya riadha ya vijana chini ya miaka 18, watu wakajaa. Miezi miwili tu baadaye Kenya ikanyang'anywa CHAN ya 2018, ambayo ilipelekwa Morocco. Kikwazo kilikuwa viwanja vingine ambavyo havikuwa tayari. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye funzo kubwa: kwa miaka 30 nchi iliegemea kiwanja kimoja kilichojengwa kwa msaada, huku vya mikoani vikisubiri.

CHAN ilifika hatimaye Agosti 2025, Kenya ikishirikiana na Tanzania na Uganda. Fainali ilichezwa Kasarani, na Morocco ikaifunga Madagaska 3-2.