Wastaafu na Ibada ya Mazishi katika Tarime na Serengeti: Kazi ya Pili au Wito?

1. Utangulizi

Makala hii inahusu watu ambao, baada ya kumaliza kazi zao za kwanza, wanaombwa kusimama kaburini na kuongoza ibada ya mazishi. Katika wilaya za Tarime na Serengeti watu hao ni walimu, wauguzi, askari na makarani waliostaafu, wakarudi nyumbani kwao na kuwa wazee wa Kanisa katika mitaa. Swali letu ni moja: ni kitu gani kinachompa mtu wa namna hiyo haki ya kunena kaburini? Je, ni umri wake, elimu yake, au wito wa Kanisa? Jibu tunalolitetea ni kwamba umri humpa nafasi ya kusikilizwa, lakini ni wito unaompa neno la kusema. Wanafunzi wa theolojia hawana budi kulipima jambo hili mapema, kwa kuwa ndio watakaowachagua na kuwafunza watu hao.

2. Jinsi jambo lenyewe linavyotokea

Kwa watumishi wengi wa umma nchini Tanzania, umri wa kustaafu kwa hiari ni miaka 55, na kwa lazima ni miaka 60. Wengi katika umri huo bado wana nguvu. Kwa upande mwingine, usharika mmoja una mitaa kadhaa, na mchungaji ni mmoja. Vijiji vilivyo mbali na mji wa Tarime au Mugumu havina mahali pa kuhifadhia maiti, hivyo mazishi hayawezi kusubiri. Mvua zikinyesha, pikipiki ya mchungaji haifiki. Na mwinjilisti huenda yuko katika msiba mwingine. Ndipo wafiwa wanapomtafuta mtu anayeweza kusoma utaratibu wa ibada, anayeheshimiwa, na anayeweza kuwafariji kwa Kikurya, Kingoreme au Kiikoma. Mara nyingi mtu huyo ni mwalimu mstaafu.

Jambo la mstaafu kuongoza mazishi si la Mara peke yake. Nchini Australia, mwaka 1973, Mwanasheria Mkuu Lionel Murphy alianza kuwapa raia wa kawaida idhini ya kufungisha ndoa nje ya makanisa. Baadaye baadhi yao wakaombwa kuongoza na mazishi, na leo ni kazi yenye malipo ambayo wengi huianza katika umri mkubwa. Lakini tuitazame tofauti iliyopo. Kule kazi hiyo ilizaliwa kwa sababu watu walilihitaji kaburi pasipo Kanisa. Kwetu inazaliwa kwa sababu watu wanalitaka Kanisa kaburini, wala mchungaji hayuko karibu. Basi anayesimama pale hasimami kwa niaba ya wafiwa tu. Anasimama kwa niaba ya Kanisa zima.

3. Uzito wa neno la mzee

Wakurya wanaujua uzito wa neno la mzee. Mtu ana rika lake na kizazi chake, na mambo ya ukoo huzungumzwa katika iritongo, yaani mkutano wa hadhara, na katika inchama, yaani baraza la siri la wazee. Kwa hiyo mzee anaposimama kaburini na Biblia mkononi, watu husikia sauti mbili kwa pamoja: sauti ya ukoo na sauti ya Injili. Wakati mwingine sauti hizo hupatana, na wakati mwingine hupingana.

Tukumbuke mazishi ya Mwalimu Julius Nyerere, Oktoba 1999. Alifia London, akaagwa na taifa Dar es Salaam, na hatimaye akazikwa nyumbani kwake Butiama, katika mkoa huu huu wa Mara. Serikali, Kanisa Katoliki na ukoo, kila mmoja alikuwa na nafasi yake. Katika msiba wa mkulima asiyejulikana hali ni ile ile kwa kipimo kidogo: mwenyekiti wa kijiji anatoa salamu, wazee wa ukoo wanasema yao, na Kanisa linahubiri. Hatari ya mstaafu wetu ni kwamba yeye anaweza kuwa wote watatu. Asipojua amesimama kwa jina la nani, atasema ya ukoo na kuyaita Injili.

Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 14, linafundisha kwamba mtu asifundishe hadharani katika Kanisa wala kutoa sakramenti pasipo kuitwa kwa utaratibu. Mazishi si sakramenti, kwa hiyo si lazima ayaongoze mchungaji aliyebarikiwa. Lakini mahubiri ya kaburini ni kufundisha hadharani. Kwa sababu hiyo haitoshi wafiwa kumwita mzee asubuhi ya mazishi. Usharika umwite kwanza, na mchungaji amwombee na kumtuma mbele ya washarika.

4. Mfano wa Yusufu wa Arimathaya

Maandiko yana mfano unaofaa. Mitume hawakumzika Yesu. Aliyemzika ni Yusufu wa Arimathaya, mtu wa baraza, mwenye heshima mjini (Mk. 15:42-46), akisaidiwa na Nikodemo (Yn. 19:38-42). Vivyo hivyo Stefano alizikwa na watu watauwa (Mdo. 8:2). Yusufu alikuwa na cheo, na cheo hicho kilimfikisha mbele ya Pilato. Lakini alikitumia kwa ajili ya mwili wa mtu aliyehukumiwa, ambaye kumzika hakukumletea sifa yoyote. Hapo ndipo tunapopata kipimo cha huduma hii: heshima aliyoichuma mtu katika kazi yake ya kwanza aitumie kwa ajili ya marehemu ambaye hana wa kumsemea.

5. Misiba migumu

Kumzika mzee aliyeshiba siku, kwaya ikiimba, si kazi ngumu. Ugumu uko kwa kijana aliyeuawa katika wizi wa ng'ombe au katika mapigano ya koo, kama yale yaliyoisumbua Tarime katika miaka ya 2000. Kwa mtu aliyejiua. Kwa mtoto ambaye hajabatizwa. Na kwa mshiriki aliyetengwa, au ambaye bahasha yake ya ahadi ilikaa tupu.

Wako wanaosema kwamba tukiwazika wote sawasawa nidhamu ya Kanisa itapoteza nguvu. Hoja hiyo ina uzito, kwa maana nidhamu ni agizo la Bwana (Mt. 18:15-18). Hata hivyo, shabaha ya nidhamu ni toba, na marehemu amekwisha kutoka katika mikono yetu. Kumnyima ibada hakumrudi yeye, bali huwaadhibu mjane na watoto, na huwafundisha majirani kwamba ufufuo ni tuzo ya waliolipa. Ibada ya mazishi ni ungamo la Kanisa juu ya Kristo mfufuka, mbele ya walio hai. Kiongozi asimtangaze marehemu kuwa mtakatifu, wala asimhukumu. Amkabidhi kwa rehema ya Mungu.

Katika msiba wa kijana aliyeuawa, maneno machache yanaweza kuwasha kisasi. Hapo mwalimu aliyewafundisha nusu ya waombolezaji kusoma anaweza kuwanyamazisha wachochezi kwa namna ambayo mchungaji kijana, mgeni wa mahali pale, hawezi.

6. Mambo ya kuzingatia katika mafunzo

(a) Mstaafu ajifunze utaratibu wa ibada na mahubiri mafupi yenye msingi katika Yn. 11 na 1 Kor. 15.

(b) Wasifu wa marehemu usomwe na ndugu, mahubiri yabaki kwa Kristo. Katika nyumba ntobhu, ambamo mwanamke amemwoa mwanamke, awataje watu kwa majina yao, wala asiihukumu nyumba hiyo kaburini.

(c) Asiruhusu mtu kutajwa kuwa mchawi au muuaji katika ibada. Kifo chenye mashaka ni cha polisi kuchunguza.

(d) Asipokee malipo kwa wafiwa. Nauli yake ni juu ya usharika.

(e) Awakumbushe wafiwa kukiandikisha kifo, kwa maana mjane asiye na cheti cha kifo hutaabika sana anapofuatilia mirathi.

(f) Arudi kumtazama mjane baada ya watu kutawanyika. Muuguzi mstaafu, hasa mwanamke, anaifahamu kazi hiyo kuliko wengi wetu.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba huduma hii si kazi ya pili ya kujazia pensheni, wala si heshima ya uzee. Ni sehemu ya utume wa Kanisa, na Kanisa lina wajibu wa kuita, kufunza na kutuma. Tusipofanya hivyo, wafiwa wa Tarime na Serengeti bado watamtafuta mzee wa kusimama kaburini, nao watampata. Lakini neno atakalolisema litakuwa lake mwenyewe.