Vitabu vya kila mwaka vilivyookoa hadithi za kisayansi, na pengo lililobaki kwa Kiswahili

Usiku usio na mbalamwezi, mtu akisimama ufukweni Uvira anaona ziwa Tanganyika limejaa taa. Ni wavuvi wa ndagala wako kazini, na ng'ambo zinawaka taa za Bujumbura. Upande huo wa Burundi, chombo kikubwa cha uvuvi wa taa kinaitwa Apollo, jina lilelile la vyombo vya Marekani vilivyofikisha watu mwezini mwaka 1969.

Safari za angani, basi, si neno geni kwa watu wa ziwa hili. Kilicho adimu ni hadithi zake: zile zinazouliza maisha yatakuwaje sayansi ikibadilisha kazi, miili, maji na ardhi. Waandishi wa Afrika Mashariki wameziandika, na baadhi zimeingia katika mikusanyiko inayosomwa duniani kote. Lakini karibu zote ziko kwa Kiingereza, lugha ambayo wakaaji wengi wa Uvira hawaitumii nyumbani, shuleni wala sokoni.

Kazi ya kuchagua

Hadithi fupi za kisayansi zilikulia katika magazeti ya bei nafuu nchini Marekani. Gazeti lilisomwa mwezi mmoja, kisha likatupwa, na hadithi nzuri ikapotea pamoja na mbaya. Mwaka 1949, Everett Bleiler na T. E. Dikty walitoa mkusanyiko wa kwanza wa kila mwaka wa hadithi bora za aina hiyo. Judith Merril alianza wake mwaka 1956 na kuendelea kwa zaidi ya miaka 10, akichota hata hadithi zilizotoka nje ya magazeti ya kisayansi.

Aliyedumu zaidi ni Gardner Dozois. Kuanzia mwaka 1984 hadi alipofariki Mei 2018, alihariri mikusanyiko 35 ya hadithi bora za mwaka. Kila kitabu kilifunguliwa na muhtasari mrefu: magazeti yaliyoanzishwa, yaliyofungwa, vitabu vilivyotoka, waandishi waliofariki. Kwa hiyo msomaji wa leo anaweza kufungua kitabu cha mwaka fulani na kujua watu wa wakati ule walitarajia nini na waliogopa nini.

Uranium ya Katanga

Mfano mmoja unaigusa Kongo moja kwa moja. Machi 1944, gazeti Astounding Science Fiction lilichapisha hadithi "Deadline" ya Cleve Cartmill, iliyoeleza bomu la uranium. Vita vya pili vya dunia vilikuwa bado vinaendelea, na bomu lenyewe lilikuwa linatengenezwa kwa siri kubwa. Maafisa wa usalama wa Marekani walikwenda kumhoji mhariri, John W. Campbell, wakihofia kwamba siri imevuja. Kumbe habari hizo zilitokana na maandishi ya kisayansi yaliyokwisha kuchapishwa hadharani.

Wakati huohuo, sehemu kubwa ya uranium ya mradi ule ilikuwa ikitoka mgodi wa Shinkolobwe, Katanga. Karibu miaka 40 baadaye, Isaac Asimov na Martin Greenberg waliirudisha hadithi ya Cartmill katika mfululizo wao wa vitabu, ambapo kila kitabu kilikusanya hadithi bora za mwaka mmoja. Mwandishi wa Marekani aliyewaza bomu akabaki kitabuni. Wachimbaji wa Shinkolobwe walioshika mawe yenyewe kwa mikono hawamo katika kitabu hicho.

Afrika inajiandikia

Pengo hilo lilianza kuzibwa mwaka 2012, Ivor Hartmann wa Zimbabwe alipotoa AfroSF, mkusanyiko wa hadithi za kisayansi za waandishi wa Afrika. Miongoni mwao alikuwamo Mkenya Clifton Gachagua. Kitabu cha pili kilifuata mwaka 2015 na cha tatu mwaka 2018. Katika cha tatu, Mganda Dilman Dila aliandika hadithi aliyoiita "Safari Nyota". Jina ni la Kiswahili, lakini hadithi ni ya Kiingereza.

Januari 2015, kundi la waandishi la Jalada, lenye makao Nairobi, lilitoa toleo zima kuhusu Afrika ya siku zijazo. Halafu mwaka 2021 Mnigeria Oghenechovwe Donald Ekpeki alikusanya hadithi bora za Afrika zilizotoka mwaka 2020. Kitabu hicho kilishinda World Fantasy Award ya mwaka 2022. Katika kitabu kilichofuata, Ekpeki alihariri pamoja na wenzake wawili, mmoja akiwa Eugen Bacon, mwandishi anayeishi Australia na aliyezaliwa Tanzania.

Mkusanyiko wa kila mwaka hauwezi kusimama peke yake. Unahitaji majarida yanayochapisha hadithi mwaka mzima, mhariri mwenye subira ya kuzisoma zote, na fedha za kuwalipa waandishi. AfroSF ilitoka kila baada ya miaka mitatu. Ekpeki aliweza kuchagua hadithi za mwaka mmoja kwa sababu majarida kama Omenana, lililoanzishwa mwaka 2014, yalikuwa yamekwisha kufungua njia.

Kiswahili kilikwisha kuanza

Kiswahili hakianzii sifuri. Mwaka 1995 Mkenya Katama Mkangi alichapisha riwaya Walenisi. Shujaa wake, Dzombo, anahukumiwa na kurushwa angani ndani ya chombo, akitegemewa kufa. Badala yake anafika katika ulimwengu wenye haki, na jina la mahali hapo ukilikata vipande linasema "wale ni sisi".

Mikusanyiko ya hadithi fupi pia ipo. Damu Nyeusi na Tumbo Lisiloshiba zimesomwa na wanafunzi wengi wa sekondari nchini Kenya. Kwa wasomaji wa Kifaransa, Emmanuel Dongala wa Kongo-Brazzaville alichapisha mwaka 1982 Jazz et vin de palme. Katika hadithi iliyokipa kitabu hicho jina, wageni kutoka angani wanatulizwa kwa mvinyo wa mchikichi na muziki wa jazi. Kinachokosekana ni kitabu kinachorudi kila mwaka na kuuliza, kwa Kiswahili: mwaka huu tumewaza nini kuhusu kesho?

Uvira ina mengi ya kujibu. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukaua watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Tangu hapo maji ya ziwa nayo yamepanda mara kwa mara na kuzamisha makaazi, hata upande wa Kavimvira, njia ya kwenda mpakani Burundi. Waandishi wa nchi nyingine wanaubuni mji unaomezwa na maji. Hapa kuna watoto waliouhama. Hata roketi si za kubuni: mwaka 1977 na 1978 kampuni ya Ujerumani, OTRAG, ilizirusha kutoka jimbo la Shaba, ambalo nalo liligusa ziwa hilihili.

Wenye ujuzi hawako mbali. Kituo cha utafiti wa hidrobiolojia, CRH, kiko Uvira na kinachunguza ziwa. Mjini kuna pia chuo cha ualimu, ISP. Mwaka 2016 Jalada ilionyesha kwamba tafsiri inawezekana bila shirika kubwa: hadithi moja ya Ngũgĩ wa Thiong'o, iliyoandikwa kwa Kikuyu, ilitolewa kwa lugha zaidi ya 30, Kiswahili kikiwamo. Hadithi 10 zilizotafsiriwa na 5 zilizoandikwa hapa zingetosha kwa kitabu cha mwaka wa kwanza.

Mwezi ukiwa mkubwa, wavuvi wa ndagala hupumzika siku kadhaa, kwa sababu taa zao hazivuti samaki tena. Ni siku za kushona nyavu na kuongea. Maji yalifika wapi mwaka huu, nyumba ya nani iliondoka, watoto watajenga wapi: yote husemwa pale ufukweni. Mwaka unaofuata maji yakipanda tena, mengi yake huwa yamekwisha kusahauliwa.