Goma: Kabla ya kununua dirisha la vioo viwili, ujue unachozuia nje na unachofungia ndani

Pikipiki zinapita hadi usiku, jenereta ya jirani inanguruma, muziki wa baa unaingia chumbani. Kwa mkaaji wa Goma anayejenga au kutengeneza nyumba, kelele ni sababu kubwa ya kuuliza bei ya duble vitraji, yaani dirisha lenye vioo viwili vilivyofungwa pamoja. Lakini dirisha hilo ni ghali kuliko la kioo kimoja, na si kila kinachouzwa kwa jina hilo kinafaa mji ulio karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, chini ya volkano ya Nyiragongo.

Hewa ndiyo inayofanya kazi

Vioo hivyo viwili vinatenganishwa na ukanda mwembamba, mara nyingi wa alumini, wenye punje zinazonyonya unyevu. Pembeni vinazibwa kabisa ili hewa kavu, au gesi ya argoni, ibaki katikati. Fundi akiandika 4-16-4 kwenye karatasi ya bei, maana yake ni kioo cha milimita 4, nafasi ya milimita 16, kisha kioo kingine cha milimita 4.

Kioo kimoja hupitisha joto takriban mara mbili zaidi kuliko duble vitraji ya kawaida. Ulaya, ambako nyumba hupashwa moto miezi mingi, faida hiyo inarudisha pesa. Goma, ambako hewa huwa karibu digrii 20 mwaka mzima, faida ni ndogo. Jua nalo linapita kwenye kioo cheupe hata kikiwa viwili. Anayechomwa na jua la alasiri atasaidiwa zaidi na paa lililotokeza nje na pazia zito.

Kelele inapita penye tundu

Vioo viwili vya unene mmoja hutetemeka kwa sauti ileile, na hapo kelele inapita. Ndiyo maana 6-12-4 huzuia kelele vizuri kuliko 4-12-4. Mngurumo mzito wa jenereta ndio mgumu zaidi kuzuia.

Fremu ina uzito sawa na kioo. Madirisha ya alumini ya kusukuma hubaki na nafasi nyembamba, na sauti inaingia hapo. Dirisha linalofunguka kama mlango, lenye mpira unaobana pande zote, linafaa zaidi. Ukuta ukiwa na matundu ya hewa juu ya dirisha, kelele itapita hapo hata kama kioo ni cha bei ya juu.

Kioo kinachovimba njiani

Kioo kilichozibwa kwenye kiwanda cha pwani, kisha kikapandishwa hadi Goma, kinabeba ndani yake hewa ya pwani. Huku juu mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 15. Hewa ya ndani inasukuma, vioo vinavimba, na gundi ya pembeni inachoka. Baadaye ukungu unatokea kati ya vioo viwili, mahali ambapo kitambaa hakifiki. Hapo hakuna kupangusa. Ni kubadilisha kioo chote.

Kwa hiyo mnunuzi aulize mapema kilizibwa wapi. Viwanda vikiambiwa urefu wa mahali, vinaweza kuweka kijibomba chembamba cha kusawazisha hewa. Lakini kwa kijibomba hicho argoni hutoroka pole pole, hivyo hakuna sababu ya kuilipia.

Tetemeko na vipande

Wakaaji wanakumbuka matetemeko yaliyofuata mlipuko wa Nyiragongo wa Mei 22, 2021. Duble vitraji ya kawaida ikivunjika, inatoa vipande vyenye makali kutoka pande mbili. Karibu na vitanda na njia ya watoto, kioo cha ndani kiwe cha feyete, yaani vioo vilivyogandishwa pamoja kwa utando wa plastiki. Kikivunjika, vipande vinabaki vimeshikwa. Hata hivyo feyete ya kawaida haizuii risasi, na asiyeambiwa hivyo na muuzaji amedanganywa.

Chumba kilichobanwa sana

Hatari kubwa zaidi haionekani. Dirisha linalozuia kelele linazuia pia hewa. Mbabula ya makala ndani ya chumba kilichofungwa hivyo inatoa gesi isiyo na harufu inayoweza kuua watu wakiwa usingizini.

Magharibi ya mji, upande wa Lac Vert na Bulengo, kuna pia mazuku, gesi ya kaboni inayotoka ardhini. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hukaa chini, mahali palipo bonde, ambapo watoto na wanyama hupumua. Katika nyumba za sehemu kama hizo, hewa inapaswa kupita muda wote. Kuziba kila tundu kwa ajili ya usingizi mtulivu ni kucheza na maisha ya familia.

Mwenye pesa kidogo anaweza kuanza na dirisha moja tu: la chumba cha kulala kinachotazama barabara. Akae nalo msimu mmoja wa mvua, aangalie kama ukungu unaingia kati ya vioo, ndipo aagize mengine.