Hewa Nayo Ni Sehemu ya Transfoma

Kutoka Mbinga mjini hadi Mbamba Bay ni kilomita 66 hivi za lami. Njiani unashuka kutoka mita zinazokaribia 1,300 juu ya usawa wa bahari mpaka ufukwe wa Ziwa Nyasa, penye mita 470 na kitu. Abiria huhisi masikio yakiziba na joto likipanda. Fundi anayesuka transfoma za volti nyingi ana jambo jingine la kuangalia: hewa ya Mbinga ina uzito wa asilimia 88 hivi ya ile ya pwani ya bahari, na ya Mbamba Bay asilimia 95 hivi. Kwenye redio au chaja ya simu tofauti hiyo haina habari. Ukifika volti elfu ishirini, ndiyo inayoamua kama kifaa kitatulia au kitarusha cheche.

Vijana wanaojifunza elektroniki huuliza zaidi habari ya mizunguko: nisuke mingapi? Jibu lake halizidi dakika tano na kikokotoo cha simu, nami nitalitoa hapa chini. Lakini transfoma ya volti nyingi haifi kwa sababu ya hesabu ya mizunguko. Inakufa kwa sababu ya nafasi iliyo kati ya waya na waya, na kile kilichomo katika nafasi hiyo.

Tuanze na malighafi, kwa kuwa ipo tele. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mapema miaka ya 1970. Bara ilisubiri mpaka 1994. Mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, TV za chogo hazikufa siku hiyo, kwa maana king'amuzi kiliziongezea umri. Zilizozimaliza ni skrini bapa. Leo kwa fundi yeyote wa Mbinga au Songea utakuta magamba yake yamerundikana nyuma ya kibanda, na ndani ya kila moja kuna kipande cheusi kizito ambacho mafundi hukiita flaibeki. Hicho ndicho kilichokuwa kikizalisha volti 20,000 hadi 25,000 za kioo. Kabla hujakigusa, kumbuka kwamba kioo cha chogo hutunza chaji muda mrefu baada ya TV kuchomolewa. Iondoe kwa bisibisi yenye mpini mzima, iliyofungwa waya kwenye mkanda wa chuma unaozunguka kioo, ukiipenyeza chini ya kofia ya mpira, na mkono mmoja ukiwa mfukoni.

Koili za flaibeki zimezamishwa katika gundi ngumu, hazifumuki. Tunachokitaka ni kiini chake, vipande viwili vyenye umbo la U. Gundi inayoviunganisha hulegea vikipashwa moto polepole. Ukiharakisha, kiini kinapasuka, maana feraiti si chuma. Ni oksidi za chuma, manganizi na zinki zilizosagwa, zikashindiliwa na kuchomwa kwenye tanuri, na kwa tabia iko karibu zaidi na chungu cha Wakisi wa kaskazini mwa ziwa kuliko na jembe. Wajapani Yogoro Kato na Takeshi Takei waliivumbua Tokyo mwaka 1930, na kampuni ya TDK ikaanzishwa mwaka 1935 ili kuitengeneza.

Faida ya ufinyanzi huo ni kwamba feraiti hupitisha sumaku vizuri ilhali umeme haupitishi kirahisi. Bati za chuma za transfoma ya kawaida hupitisha vyote viwili, na ukiigeuza sumaku yake kwa kasi kubwa, mikondo inayojizungusha ndani yake huzigeuza jiko. Kwa hiyo zimekwama kwenye mara 50 kwa sekunde za gridi. Feraiti huenda mara elfu kumi, elfu arobaini, laki moja. Gharama yake ni kwamba hushiba mapema: chuma hubeba sumaku mpaka karibu tesla 2, feraiti huishia kwenye 0.4 hivi, na ikipata moto hushuka zaidi.

Sasa hesabu. Tuseme tunataka chanzo cha mezani cha volti 2,000 za mkondo mnyoofu, cha kujaribia diodi za volti nyingi, kapasita zilizookotwa na uhami wa nyaya, kikiendeshwa na betri ya sola ya volti 12. (Mota ya mashine ya kumenya kahawa usiipime nacho. Mota ya volti 400 hupimwa uhami kwa volti 500, na ukiipelekea 2,000 unaweza kuua ulichokuja kukipima.) Tutasuka transfoma itoe volti 1,000, kisha diodi na kapasita zizidishe mara mbili.

Kiini cha flaibeki kina mguu wenye eneo la sentimita 1 ya mraba, au karibu na hapo. Chagua masafa ya mara 40,000 kwa sekunde na sumaku ya tesla 0.15, kiasi cha chini kwa makusudi. Zidisha 4 kwa masafa, kwa tesla, kwa eneo katika mita za mraba: unapata volti 2.4 kwa kila mzunguko. Volti 12 zinahitaji mizunguko 5. Volti 1,000 zinahitaji 417, suka 420. Imekwisha. Kiini cha bati za chuma chenye eneo hilohilo kwa umeme wa gridi kingetaka mizunguko 450 hivi upande wa volti 12 peke yake, na zaidi ya 37,000 upande wa pili.

Namba hizo hukuonyesha pia wapi pa kuogopa. Sola ikijaza betri mpaka volti 14.4, sumaku inapanda hadi 0.18, hakuna tatizo. Lakini ukiteremsha masafa mpaka 10,000 kwa sababu sauti nyembamba inakufurahisha, sumaku inayotakiwa ni 0.6. Feraiti haina 0.6. Kiini kinashiba, mzingo wa awali, ule wa volti 12, unageuka kuwa kipande cha waya mtupu, na mosfeti zinazousukuma zinaungua kabla hujafikia swichi.

Saketi ya kusukuma si ya kusaka mbali. Chipu ya TL494 imo katika pawa za kompyuta za zamani, na mosfeti mbili za IRFZ44 zinatosha. Mzingo wa awali unakuwa mizunguko 5 na 5 yenye kiungo katikati, isukwe kwa waya mbili zikienda pamoja. Usitumie waya mmoja mnene. Kwa masafa haya umeme hukimbilia kwenye ngozi ya shaba, kina cha theluthi moja ya milimita, na moyo wa waya hukaa bure. Nyaya nyembamba kadhaa zilizosokotwa hufanya kazi vizuri kuliko mmoja mkubwa. Vile vikaratasi vilivyokuwa kati ya vipande viwili vya U vitoe. Viliwekwa kwa sababu flaibeki huhifadhi nishati kwenye mwanya huo kabla ya kuitoa, na transfoma yetu hupitisha moja kwa moja.

Hapa ndipo wengi hudhani kazi imeisha, wakakaa kusuka mizunguko 420 ya waya wa milimita 0.1 juu ya bomba la peni, kwenda na kurudi, kwa haraka. Tazama kinachotokea. Ukisuka matabaka manne ya mizunguko 105, kila tabaka lina volti 252. Pale tabaka la kwanza linapoanza, juu yake ndipo la pili linapoishia, kwa hiyo vanishi ya waya peke yake imebeba volti 504. Ukisuka ovyo bila matabaka, mzunguko wa kwanza unaweza kulala ubavuni mwa wa mwisho, na hapo ni volti 1,000 kati ya ngozi mbili za vanishi ambazo vidole vyako vimekwisha kuzikwaruza.

Kuna mwizi mwingine asiyetoa cheche. Matabaka mawili ya waya yaliyotenganishwa na vanishi ni kapasita, utake usitake. Tuseme mzingo wa pili una pikofaradi 30 tu, kiasi ambacho ukikisikia utakipuuza. Transfoma inaipeleka upande wa betri ikiwa imezidishwa kwa mraba wa uwiano wa mizunguko. Uwiano wetu ni 84, mraba wake 7,056. Mosfeti zinaona nanofaradi 212, na zinalazimika kuijaza na kuigeuza mara 40,000 kila sekunde. Piga hesabu: karibu wati 5 zinageuka joto kabla hujapata hata volti moja ya maana. Kwa mwenye paneli ya wati 20, hiyo ni robo ya jua lake la saa sita.

Dawa ya magonjwa yote mawili ni moja: vyumba. Tengeneza bobini yenye kuta, ugawe urefu wake vyumba vinne, usuke mizunguko 105 katika kila kimoja ndipo uvuke ukuta. Hakuna waya utakaokutana na jirani anayemzidi zaidi ya volti 252, na kapasita za vyumba zinapangana kwa msururu, kwa hiyo jumla yake inapungua. Katika flaibeki nyingi zilizopasuka utaona kuta hizohizo. Waliozibuni walijua.

Baada ya waya, hewa. Friedrich Paschen alionyesha mwaka 1889 kwamba volti inayovunja mwanya hutegemea upana wa mwanya ukizidishwa kwa kanieneo ya hewa. Hewa ikiwa nyepesi, elektroni husafiri mbali zaidi kabla ya kugonga chembe, hukusanya nguvu, na ikigonga hung'oa nyingine. Kwenye usawa wa bahari milimita 10 kati ya sehemu mbili laini huhimili karibu volti 30,000. Mbamba Bay ni 28,600 hivi, Mbinga 26,400. Hata transfoma kubwa za gridi zina sharti hili: kiwango cha kimataifa huhesabu mita 1,000, na juu ya hapo mianya ya nje huongezwa asilimia 1 kwa kila mita 100. Mbinga imekwisha kuvuka mstari huo, na vijiji vya Umatengo vilivyo kwenye migongo ya milima vimeuvuka zaidi.

Nimesema sehemu laini. Ncha ni habari nyingine: panapochomoza mkia wa lehemu, hewa huanza kuwaka rangi ya zambarau kwa theluthi ya volti hizo au pungufu. Kwa hiyo kila kiungo cha upande wa volti nyingi kimalizie kwa tone la lehemu lililo mviringo kama punje ya mtama. Masikio na pua ni vipimo vizuri hapa. Ukisikia sauti ya kuchachatika na harufu kali ya ozoni, zima utafute ncha.

Watu wa ziwani husema unyevu ndio adui, na wale wa milimani husema hivyohivyo kuhusu ukungu. Ukweli una pande mbili. Mvuke uliomo hewani hauvunji mwanya. Unauimarisha kidogo, kwa sababu chembe za maji hunasa elektroni. Tatizo ni maji yaliyokaa juu ya plastiki, hasa plastiki yenye vumbi. Ufukwe wa Nyasa una bahati ya maji baridi, hakuna chumvi inayoganda juu ya vifaa kama Tanga au Kilwa. Lakini anayeishi karibu na migodi ya makaa ya Ngaka, vumbi lake ni kaboni, na kaboni yenye umande hupitisha umeme. Kata mfereji kwenye plastiki kati ya ncha mbili ili njia ya juu yake iwe ndefu, na ufute.

Njia bora ni kuifukuza hewa kabisa. Nta ya nyuki, ambayo haina shida kupatikana, ilihami koili za redio za zamani na bado inafaa, mradi transfoma isifike nyuzi 60, maana kidogo juu ya hapo inayeyuka. Eposi huhimili joto zaidi. Iwe nta au eposi, mimina ikiwa nyepesi na ya moto, polepole, ukitikisa, ili povu litoke. Povu lililobaki ni baya kuliko kutomimina, kwa kuwa eposi huusukumia uga wa umeme ndani ya kile kitundu cha hewa, ukawa mara tatu au nne ya ule uliopo kwenye eposi yenyewe, na kitundu kikaanza kuchoma kuta zake kimyakimya. Mafuta ya transfoma ya kuokota usiyaguse. Yale yanayoibwa kwenye nguzo na kuishia kwenye karai la chipsi yanaweza kuwa na sumu ya PCB, na mikononi mwa fundi ni sumu ileile.

Upande wa kutolea, diodi za kawaida za 1N4007 ni nzito mno kwa kasi hii. Tumia UF4007, tatu kwa msururu kila mahali, kwa sababu kila nafasi hupokea volti 2,000 za kinyume na diodi moja huhimili 1,000. Kabla ya waya kutoka nje, weka rezista kumi za kiloomu 100, nusu wati kila moja, kwa msururu. Hizo zinauzuia mkondo usizidi miliampia 2 hata ncha zikigusana. Sambamba na kapasita weka kumi nyingine za megaomu 10, zibaki hapo daima. Kwa kapasita ya nanofaradi 22, chaji inakuwa imekwisha sekunde kumi na kitu baada ya kuzima. Usiweke moja kubwa badala ya kumi: rezista ya robo wati huhimili volti 250 tu, haijalishi ina omu ngapi.

Kupima, unga mnyororo mwingine kama huo wa megaomu 100 mbele ya mita, na uunge mita kwanza ndipo uwashe. Mita nzuri ina megaomu 10 ndani yake, kwa hiyo husoma sehemu moja ya kumi na moja: ikionyesha 182, pana 2,000. Ile mita ya njano ya bei rahisi, DT830, ina megaomu 1 tu. Yenyewe itaonyesha volti 20 kasoro kidogo, na fundi asiyejua atadhani transfoma yake haijafanya kazi, akanyoosha mkono kuikagua.