Umbo la Protini na Afya ya Askari



Askari aliye zamu usiku mtaani Rohero, jijini Bujumbura, humkabili mhalifu awezaye kumwona, na kimelea cha malaria asichoweza kukiona. Leo twaeleza jinsi kompyuta inavyosaidia kumfahamu adui huyo wa pili.

Mwili wa kila kiumbe hutenda kazi kwa protini. Protini ni mnyororo mrefu unaojikunja, na umbo lake ndilo liamualo kazi yake. Mwaka 1976 Michael Levitt na Cyrus Chothia waliyagawa maumbo hayo katika makundi manne: yenye misokoto kama springi, yenye mikunjo bapa, yenye vyote viwili kwa kupokezana, na yenye vyote viwili, kila kimoja mahali pake. Kazi hiyo yafanana na ya polisi aainishaye alama za vidole.

Maumbo yajulikanayo leo ni mengi kupita uwezo wa macho. Kwa hiyo kompyuta hufundishwa kwa protini ambazo makundi yake yamekwisha kujulikana. Hutunga kanuni nyingi za kuainisha, ikazijaribu, ikatupa zilizo dhaifu na kuchanganya zilizo bora, kizazi baada ya kizazi, kama mfugaji achaguavyo fahali wa mbegu. Kisha hupimwa kwa protini ambazo haijapata kuziona, kwani kuruta aliyepewa majibu kabla ya mtihani hajafaulu.

Yatuhusu nini hayo? Kimelea cha malaria kina protini iitwayo Kelch 13. Sehemu yake moja ni ya kundi la mikunjo bapa, nayo ina umbo la pangaboi lenye mapanga sita. Mwaka 2020 ilitangazwa kwamba nchini Rwanda vimeonekana vimelea ambavyo badiliko la kiungo kimoja tu katika pangaboi hilo huvisaidia kuistahimili artemisinini, nguzo ya dawa mseto za malaria. Mwaka 2021 habari kama hizo zikatoka Uganda. Nao mbu haulizi mpaka.

Kompyuta yaweza kumwonyesha mtaalamu umbo la protini na mahali palipobadilika. Haiwezi kumeza dawa kwa niaba ya askari. Basi, alalaye na alale ndani ya chandarua. Mwenye homa apimwe. Aliyepewa dawa amalize dozi hata homa ikishuka. Kidonge kilichobakizwa mfukoni ni risasi aliyopewa adui.