Presha ya Moyo Usio na Mpango

Shangazi yangu, aliyekwisha kupita miaka sabini na ambaye tangu afiwe na mumewe anakaa nasi hapa Tanga, alipimwa presha asubuhi moja mara tatu, kwa mashine ile ile, katika mkono ule ule, kwa muda usiotimia robo saa, na mashine ikatoa majibu matatu yaliyoachana mno: 168 kwa 94, kisha 139 kwa 81, na mwisho 151 kwa 102. Akanitazama kwa fadhaa, akasema, "Mwanangu, ya kweli ni ipi katika hizi?" Nami sikuwa na jawabu, kwa kuwa nilikuwa na dhana waliyo nayo wengi, kwamba presha ya mtu ni nambari moja iliyofichika mwilini, na kazi ya mashine ni kuitoa nje tu. Jawabu nililipata baadaye, na ndilo lililonifanya nishike kalamu: kwa mtu ambaye moyo wake haupigi kwa mpango, kila moja ina sehemu yake ya kweli, wala hakuna hata moja inayotosha peke yake.

Maradhi ya shangazi matabibu huyaita fibrilesheni ya atiria. Vyumba viwili vya juu vya moyo, ambavyo kwa mtu mzima wa afya hujikaza kwa pamoja na kusukuma damu iingie vyumba vya chini, kwa mgonjwa huyu hutetemeka tu, mara mia tatu na zaidi kwa dakika, na vyumba vya chini hupokea baadhi ya mitetemo hiyo pasipo utaratibu wowote, hata pigo moja likalifuata jingine upesi upesi, na jingine likachelewa. Sasa mtu na atazame ndoo ya kisimani: ikiachwa ikazama hutoka na maji tele, na ikivutwa kwa pupa hutoka na maji ya chini kabisa. Ndivyo ulivyo moyo huo. Baada ya kituo kirefu hujaa, ukapiga kwa nguvu na shinikizo likapanda. Baada ya kituo kifupi hauwahi kujaa, na pigo lake huwa dhaifu, pengine dhaifu kiasi cha kutofika kabisa kwenye kifundo cha mkono. Kwa hiyo hata idadi ya mapigo inayoonyeshwa na mashine huenda ikawa pungufu, na anayehesabu kwa vidole yampasa ahesabu dakika nzima, asihesabu sekunde kumi na tano akazidisha kwa nne.

Nayo mashine ina udhuru wake. Scipione Riva-Rocci wa Turin, alipotoa kipimo chake cha mkanda na zebaki mwaka 1896, aliigusa mishipa kwa vidole. Nikolai Korotkov, tabibu Mrusi, mwaka 1905 akafundisha kusikiliza kwa sikio sauti za damu inaporudi kupita chini ya mkanda. Mashine zetu za nyumbani aghalabu hazisikilizi sauti hizo. Huujaza mkanda upepo, huupunguza kidogo kidogo, na huku zikiupima mtikisiko wa mshipa. Pale mtikisiko unapokuwa mkubwa kupita kote ndipo zinapojenga hesabu, na nambari mbili tunazozisoma hukisiwa kwa kanuni aliyoiweka mtengenezaji. Kanuni hiyo yategemea mapigo yanayopanda na kushuka kwa adabu. Pigo kubwa likitokea mahali pa dogo, hesabu huvurugika, na nambari ya chini ndiyo inayoponzeka zaidi kuliko ya juu. Ndiyo sababu, mapigo yanapokuwa ya vurugu, yafaa mhudumu wa afya apime kwa sikio, akiulegeza mkanda polepole, na kwa kurudia.

Naandika haya kwa uchungu, kwani katika zahanati moja shangazi alipimwa mara moja tu, nambari ikatoka kubwa, dozi ya dawa ikaongezwa papo hapo. Na siku ya nne, alipoinuka kitandani alfajiri kwenda kutia udhu, kizunguzungu kikamwangusha. Hakuvunjika, alhamdulillahi. Lakini mtu anayetumia dawa za kuzuia damu isigande, kama wanavyotumia wengi wenye maradhi haya, kwa kuwa damu inayotuama katika vyumba vile vya juu huweza kuganda na bonge lake likapanda ubongoni, akianguka na kujigonga kichwa ni hatari kubwa. Na kuiachia presha ikae juu ni hatari vile vile, maana hatari ya kiharusi ambayo maradhi yenyewe yameizidisha takriban mara tano huzidi tena.

Mbele ya kadhi, katika mambo mengi, shahidi mmoja hatoshi. Na sisi sasa kipimo kimoja hatukipokei peke yake. Shangazi huketi kimya dakika tano, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili chini, mkono umelazwa mezani usawa wa moyo, mkanda umefungwa juu ya ngozi wala si juu ya nguo, na kahawa haijanywewa kwa nusu saa. Mkanda wenyewe tulilazimika kuubadili, kwani ule wa kwanza ulikuwa mdogo kwa mkono wake, na mkanda mdogo huipandisha presha kwa uongo. Tunapima mara tatu, tukikaa dakika moja baina ya kipimo na kipimo, asubuhi kabla ya dawa na jioni, siku saba. Zote huandikwa, na wastani ndio unaotazamwa, ukiachwa ule wa siku ya kwanza. Wastani wa nyumbani ukifika 135 kwa 85 huhesabiwa kuwa umepanda. Zile tatu za asubuhi ile zilitoa 153 kwa 92: kubwa, naam, lakini si 168. Ama uso ukipinda, mkono ukilegea au ulimi ukiwa mzito, hapo hapimwi mtu presha nyumbani. Hukimbizwa hospitali saa ile ile.

Wiki iliyopita tulikwenda na daftari. Daktari alilisoma ukurasa kwa ukurasa, akaweka kifaa chake cha kusikilizia kwenye kiwiko cha shangazi, akapima mara tatu kwa sikio, akalinganisha na wastani wetu, ndipo akaigusa dozi, akaipunguza nusu kidonge. Shangazi akaomba kalamu, akayaandika majibu yale matatu ya daktari kwa mkono wake mwenyewe.